Pua ya Kuazima

Mume wangu alikuwa fundi wa magari, na watu walimwita Fundi Pua. Si kwamba pua yake ilikuwa kubwa. Ilikuwa pua ya kawaida tu, yenye kovu dogo pale spana ilipowahi kumrukia. Walimwita hivyo kwa sababu kabla hajashika bisibisi alikuwa anainama juu ya injini, anafumba macho, ananusa. Halafu anasema, "Breki za nyuma zinashika," au, "Oili inadondokea bomba la moshi," na akifungua anakuta ni hilo hilo. Mafundi wenzake walianza kwa kufungua. Yeye alianza kwa kunusa, na kwa maisha yake yote ya kazi hakufungua kitu ambacho pua haijamwambia afungue.

Alipoacha kazi alibaki na gari moja, la kwake mwenyewe. Ni gari la mbio la zamani, la viti viwili, fupi kiasi kwamba ukikaa ndani unaona magoti ya wapita njia. Wekundu wake umepauka kama nyanya iliyosahauliwa juani, na paa lake ni la turubai. Mimi sikuwa na habari nalo sana. Kuingia humo ni kama kuketi ndani ya beseni. Lakini kila Jumapili alasiri alikuwa anafunua turubai, anampakia mjukuu wetu, tunayemwita Kidoti kwa ajili ya alama iliyo shavuni mwake, na wanakwenda kuzunguka. Kidoti akirudi, nywele zimemsimama, anacheka peke yake kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto nzuri na bado anaiona.

Mwaka huu gari lilianza kunywa. Lilikuwa linajazwa tangi leo, na kabla hatujasahau, mume wangu yuko tena kituo cha mafuta. Kijana wa pampu akamwambia, "Mzee, hili gari lako linakunywa kuliko shemeji yangu, na huyo tumeshamkatia tamaa." Halafu likaanza kunuka petroli. Mwanzoni harufu ilikuwa ya kupita, kama mtu aliyechungulia mlangoni akaondoka. Baadaye ikaja kukaa. Nilikuwa naikuta kwenye mapazia, kwenye foronya, hata kwenye kofia yake iliyotundikwa nyuma ya mlango.

Jumapili moja Kidoti alirudi hacheki. Alishika kichwa akasema kinamgonga. Mama yake, binti yetu wa kwanza, ni karani wa mahakama na kila jambo analitaka na ushahidi wake. Aliinua kola ya gauni la mtoto akainusa, kisha akamtazama baba yake.

"Baba, hii ni nini?"

"Harufu kidogo tu. Gari la zamani, mwanangu, lina mambo yake."

"Kidogo? Nguo imelowa harufu kama tambara la gereji! Cheche moja tu, baba. Kidoti hapandi tena humo."

"Nitaitafuta. Nitaiondoa."

"Ukiiondoa nitakuja kunusa mwenyewe. Nisipoisikia, atapanda. Nikiisikia, tumemaliza." Akamshika mtoto mkono. Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, akasema, "Fundi Pua mzima, baba. Ndiyo maana nashangaa."

Basi mume wangu akahamia bandani. Banda letu liko nyuma ya jiko, la mabati, na asubuhi jua hupenya kwenye matundu ya misumari likashuka juu ya gari kama nyuzi. Nilikuwa nampelekea chai nasimama mlangoni kumwangalia. Gari limefunguliwa boneti, yeye ameinama ndani, na wote wawili wametulia sana, hata ungedhani wamelala na wanaota ndoto moja.

Alitoa plagi za injini akanionyesha. Zilikuwa nyeusi kama matako ya sufuria.

"Injini inapata petroli nyingi, hewa kidogo," alisema. "Haimalizi kuichoma. Ndiyo masizi hayo."

"Na harufu?"

Akazunguka nyuma, akafungua buti, akainamisha uso penye tangi. Alivuta pumzi ndefu. "Iko huku," akasema. "Ni ule mpira wa kujazia mafuta. Umepasuka."

Akabadilisha mpira. Harufu ikabaki. Akanusa tena, akasema mpira mpya nao ni mbovu, wa siku hizi, wanatengeneza kwa karatasi. Akabadilisha tena. Akabadilisha chujio la hewa. Akakaza skrubu ya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, akailegeza, akaikaza. Gari likatoka kuzunguka mtaa na kurudi likinuka vile vile, likikohoa moshi mweusi, na mshale wa mafuta umelala.

Mimi si mtu wa kukimbilia kusema. Nikiona jambo, naliacha kwanza likae, kama unga wa maandazi. Lakini kulikuwa na mambo nilikuwa nimeyaona. Siku moja maziwa yaliniungulia jikoni, nikarudi nikakuta moshi umeshuka mpaka mezani, na mume wangu yumo humo humo anakata kucha, ametulia. Akaniuliza, "Chai bado?" Siku nyingine niliacha kutia iliki kwenye chai, kwa makusudi, naye akainusa kwanza kama kawaida yake akasema, "Iliki ya leo nzuri."

Asubuhi moja aliponiambia tena, "Iko huku nyuma, unasikia?", niliweka kikombe juu ya pipa nikaenda nikainama kando yake penye buti. Nikanusa. Kulikuwa na harufu ya mpira mpya na ya turubai la zamani.

"Huku sisikii," nikasema. "Naisikia kule mbele."

Aliendelea kuinama pale pale penye tangi.

"Nikiwa pale mlangoni imenijaa usoni. Nikija huku inapungua."

Alichukua kitambaa akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Tangu lini, mwenzangu?" nikamuuliza.

"Tangu yale mafua yaliyonilaza." Alikuwa anaongea na kitambaa. "Nilifikiri itarudi. Nikiinama nakumbuka. Mwaka ule mpira wa tangi ulipopasuka, nakumbuka harufu yake kabisa, kama naishika. Basi nikiinama huku naipata ile. Nikawa najiambia ni ya leo."

"Kumbe ulikuwa unanusa ya zamani."

"Nilikuwa nanusa ya zamani." Akacheka kidogo, lakini macho yalikuwa hayacheki. "Usimwambie mtu."

Sikumwahidi wala sikukataa. Nilivua kanga ya kichwani nikaifunga kiunoni. "Haya, fundi," nikamwambia. "Nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Kunusa. Pua ninayo, tena nzima. Akili ya gari ndiyo sina. Nikuazime."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa spana asiyoijua namba yake. Kisha akanishika kiwiko. Akaniambia nifumbe macho, kwa sababu macho yakiwa wazi yanaiamulia pua. Akaniambia nisivute kwa nguvu, nionje kidogo kidogo, kama unavyoonja chumvi. Na kila baada ya kunusa ninuse mkono wangu mwenyewe, pua ipumzike nyumbani kabla ya kutoka tena.

Basi tukaanza kulizunguka gari lile, mimi kipofu, yeye ananiongoza nisijigonge. Ni ajabu banda lile likiwa halina sura. Lilikuwa kubwa kama uwanja. Harufu zilisimama mahali mahali, kila moja peke yake. Hapa ngozi ya viti, kavu, kama viatu vya marehemu. Hapa kutu. Hapa kitu kitamu kinachokwaruza koo.

"Hapo pana utamu," nikasema.

"Ni maji ya rejeta. Hayo hayana kosa, yaache. Twende."

Akawasha injini, tukaenda nyuma kwenye bomba la moshi. Machozi yalinitoka huku macho yamefumba.

"Petroli, lakini imeungua nusu. Kama chakula kilichotolewa motoni mapema."

"Ndiyo hiyo inayotumaliza. Sasa mbele."

Mbele ilikuwa nyingine. Mbichi, kali, ya baridi. Nilipoikaribia niliona kama nasogelea dirisha lililofunguliwa.

"Hii haijaona moto kabisa," nikasema.

"Kulia au kushoto?"

"Kushoto. Chini. Hapana, usinivute. Hapa."

Akazima injini. Hapo ndipo harufu ilipopanda kabisa, kama mvuke ukifunua sufuria, nikarudi nyuma nikamkanyaga. Nilipofumbua macho, mkono wangu ulikuwa unaonyesha chombo cha chuma kilichokaa pembeni ya injini, na yeye alikuwa ameshapeleka kidole chini ya mfuniko wake.

"Pamelowa," akasema polepole. "Pa baridi. Mama wee! Kabureta inafurika."

Baada ya hapo hakuhitaji pua. Mikono yake ilienda yenyewe. Alifungua mfuniko, akanionyesha kikombe kilicho ndani, kimejaa petroli mpaka ukingoni. Humo ndani, akanieleza, kuna boya dogo. Petroli ikipanda, boya linaelea, linasukuma sindano, sindano inafunga njia. Petroli ikishuka, boya linashuka na njia inafunguka. Akalitoa. Lilikuwa la shaba nyembamba, limekaa kiganjani mwake kama yai la ndege. Akalitikisa sikioni, uso ukafunguka wote.

"Sikiliza."

Nikasikiliza. Ndani yake kulikuwa na kitu kinachochezacheza, chwa, chwa, kwa mbali sana.

"Limetoboka, limekunywa petroli," akasema. "Limekuwa zito, haliwezi kuelea. Njia iko wazi siku zote, na mimi nahangaika na mpira wa nyuma!"

Nilikwenda kuchemsha maji, nikayaleta kwenye beseni mpaka uani, mbali na jiko na kila moto. Akalizamisha boya. Tulichuchumaa wote wawili tukilitazama, na baada ya muda kamba ya mapovu madogo ikaanza kupanda kutoka ubavuni mwake, moja baada ya lingine. Tulikaa pale mpaka mapovu yakakoma, na maji yakapoa, na kivuli cha banda kikatufikia miguuni. Kisha akaliziba kitundu kwa tone la risasi ya kulehemia.

Jumapili binti yetu akaja, na Kidoti nyuma yake akirukaruka. Karani aliingia ndani ya gari, akafunga milango, akaagiza injini iwashwe. Alinusa mikanda, viti, chini ya miguu. Akatoka akazunguka nyuma kwenye bomba, akarudi mbele. Uso wake ulilegea.

"Sina la kusema," akasema. "Imekwisha. Fundi Pua bado yupo!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chai. Niliangalia kifuniko cha chupa. Neno lilikuwa lake, alitoe au asilitoe.

"Hayupo," mume wangu akasema.

"Nani hayupo?"

"Fundi Pua. Tangu yale mafua sisikii harufu. Hata moja. Aliyenusa ni mama yako."

Niliona hesabu zinapita machoni mwa binti yetu. "Kwa hiyo siku zote zile ulikuwa unamwendesha mwanangu ndani ya petroli, na wewe hujui?"

"Nilikuwa sijui. Na hata ulipoonyesha gauni, nilisema kidogo, wakati sikusikia chochote. Nilikudanganya."

"Mama, ulijua?"

"Nilijua juzi juzi. Wewe muulize yeye, ndiye aliyesimama kizimbani."

Alikaribia kucheka, akajizuia. Akazunguka gari polepole, kidole kikipita juu ya rangi ile iliyopauka. "Ungeninyamazia," akamwambia baba yake, "ningekuja kujua siku nyingine, na mtoto asingekanyaga hapa." Akavuta pumzi. "Basi hukumu ni hii. Kidoti atapanda. Lakini kila Jumapili mama anatangulia. Anazunguka mtaa mzima, ananusa. Akisema safi, ndipo mtoto anaingia."

"Mimi?" nikasema. "Ndani ya beseni hilo?"

"Nawe ni shahidi, huna kesi ya kujitetea."

Basi nikaingia, magoti yakanifikia kidevuni. Mume wangu alifunua turubai, tukatoka taratibu. Nilifumba macho nikaonja kidogo kidogo, nikanusa mkono wangu, nikaonja tena.

"Petroli hakuna," nikasema.

"Na nini kipo?"

"Umesema nini?"

"Nakuuliza, kipo nini?" Alikuwa anatazama mbele. "Hapa tunapopita."

Nikamwambia. Sabuni ya kufulia, nguo zimeanikwa karibu. Mbao zilizorandwa, bado mbichi. Vumbi lililomwagiwa maji. Mtu anakaanga vitunguu na amevisahau kidogo. Kila nilipotaja kimoja alipunguza mwendo, akitingisha kichwa, kama mtu anayesomewa salamu za watu wake. Tulizunguka hivyo, gari likiguna chini kwa chini, na upepo wa alasiri ukitupita masikioni kama maji ya uvuguvugu.

Tulipofika getini Kidoti alikuwa ameshajipanga. Mama yake aliniinamia. "Ripoti?"

"Safi," nikasema. "Nivuteni nitoke."

Kidoti akaingia nafasi yangu, akajifunga mkanda. Gari liliposogea nikamsikia babu yake anamwambia, "Haya, mwanangu, fumba macho. Unasikia nini?"