Sosi Nyeupe ya Mama

Mimi sipendi kuharakishwa, na asubuhi hiyo Mama alikuwa ananikimbiza utadhani nyumba inaungua. Meneja wa ofisi tunazozipikia alikuwa anakuja kuonja chakula. Asiporidhika, kantini wanapewa watu wengine na sisi tunafungasha masufuria yetu. Nilikuwa nachambua letusi huku nimenuna.

Jikoni kwetu utaratibu ni mmoja. Mama anachanganya sosi ya saladi, yaani mtindi, mayonezi, ndimu na kitunguu saumu, anaipiga mpaka inalainika, halafu kijiko cha kwanza ni changu. Basi akaniletea, akasimama mbele yangu akinikodolea macho. Nikakigusisha kijiko midomoni, mdomo nimeufumba, nikamwambia tamu sana, sasa aniache nimalize majani yangu.

Saa saba meneja akatia uma kwenye saladi. Akatafuna kidogo, akaacha. Akauliza kwa upole kama hapa kwetu majani tunayala na aiskrimu.

Nilidhani ananitania. Nikachovya kidole, nikalamba. Mungu wangu, vanila! Vanila na kitunguu saumu, na sukari ya kuua meno. Nikakimbilia jikoni, nikafukua pipa la taka, na kweli, kopo la mtindi wa vanila hili hapa, limekombwa. Makopo yanafanana, sawa, lakini pua si ipo? Nikamshukia Mama bila breki. Nilimwambia ametuumbua, nikamuuliza mtu aliyepika miaka thelathini anashindwaje kusikia harufu ya vanila.

Akakaa juu ya kreti la soda.

"Sisikii harufu yoyote, mwanangu. Ulimi nao hauonji. Tangu yale mafua ya mwaka jana."

Mwaka mzima! Nikamuuliza, sasa siku zote hizo sosi alikuwa anaipimaje.

"Nakuangalia wewe usoni," akasema. "Ukisema tamu, napeleka."

Hasira zote zikaniishia, nikabaki na aibu tupu. Nikamwambia ukweli, kwamba leo sikuonja, nilikigusisha tu kile kijiko ili aniondokee.

Mama alinitazama, mikono imetulia juu ya aproni.

"Na siku nyingine?"