Waliolala Hapa Usiku Ule

Mume wangu alifariki alfajiri ya siku ya sensa, ile ya kwanza baada ya uhuru. Karani wa kuhesabu watu alifika kwetu matanga yalipokwisha.

Nilikuwa nimekaa mkekani, nimenyoosha miguu, natazama pampu yake ya baiskeli pale ukutani bila kuwaza lolote. Moyo umekufa ganzi. Majirani walisema nina roho ngumu kwa kuwa sijalia. Waseme, midomo si yao?

Kiti chake alikwisha kukikalia shemeji, mdogo wake. Kufa kufaana: alihamia siku ya mazishi na begi lake, akauza spana za marehemu, akaanza kuwaambia wanangu "hapa kwangu". Nilimwacha. Sikuwa na nguvu hata ya kufukuza nzi.

Karani mwenyewe alikuwa mwalimu wa binti yangu. Alitupa pole, akaweka karatasi zake magotini.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Andika mimi," shemeji akasema, akijikohoza kidogo.

"Usiku wa kuamkia sensa ulilala hapa, kaka?"

"Nililala kwangu."

"Basi wamekuhesabu huko huko. Mtu hahesabiwi mara mbili."

Binti yangu aliinama kuficha kicheko. Mwalimu akanigeukia, akashusha sauti.

"Samahani mama, sina budi kuuliza. Saa sita ya usiku ule, baba alikuwa hai?"

"Alikuwa mahututi," shemeji akadakia. "Kwani kuna tofauti gani? Marehemu ni marehemu."

"Tofauti ipo. Aliyekuwa hai saa sita anahesabiwa, hata kama hakuliona jua."

Wote wakanitazama. Tangu mazishini nilikuwa najibu kwa kichwa tu, na sauti iliyonitoka ilikuwa imekauka.

"Alikuwa hai. Redio ilitangaza kwamba saa sita imefika, kila mtu anahesabiwa hapo alipo. Akaniambia, 'Haya mke wangu, tumeshahesabiwa. Zima hiyo redio, unamaliza betri.' Nikazima. Hakusema neno tena."

Niliyasema hayo kama ninayesoma bei za sokoni. Mwalimu akaandika. Mkuu wa kaya, mume wangu. Kazi yake, fundi baiskeli. Ilipofika zamu yangu shemeji hakungoja kuulizwa.

"Huyo ni mjane."

"Usiku ule nilikuwa na mume," nikasema.

"Ameolewa," mwalimu akasema huku akiandika, wala hakumtazama shemeji.

Alipoondoka, shemeji alirudi kukaa kwenye kiti kile kile. Mimi nikarudi kutazama pampu.

Miezi ikapita. Jioni moja redio ikatangaza matokeo ya sensa, nasi sote tukasogea kusikiliza. Mtangazaji akaitaja idadi yetu taratibu, mamilioni, maelfu, mamia, mpaka mtu wa mwisho kabisa.

"Kumbe tuko wengi hivi!" shemeji akasema, amejinyoosha kitini.

"Toa mmoja," nikamwambia, nikikitazama kiti cha mume wangu.

Akanitazama. Kisha, bila kuambiwa, akainuka kwenye kile kiti, akasimama mlangoni kama mgeni asiyejua pa kukaa.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti mpaka majirani wakatoka nje. Binti yangu akanyoosha mkono azime redio.

"Iache, mwanangu," nikasema. "Betri tutanunua."