Saini Tu, Mama

...na ule ukucha wa kidole cha mwisho cha mwalimu, ameuacha mrefu makusudi, dakika moja iliyopita ulikuwa sikioni mwake unachokonoa na sasa umerudi kwenye kibodi unabonyeza, hapo ndipo macho ya mama yule yalipokwama, si kwenye fomu, ingawa fomu ndiyo iliyokuwa mbele yake na kalamu alikuwa ameishika, kalamu ya kituo iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza kana kwamba kuna mtu angeiiba, imetafunwa mwishoni na mdomo wa mtu asiyemjua, na mwalimu akasema bila kugeuka, saini tu, mama, hapo chini, peremende ikimgonga meno, ko, ko, ko, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Saini tu. Anatamka kama unavyomwambia mtoto ameze dawa, na yeye ana miaka arobaini na mmoja, na huyu hata ndevu hazijakubaliana zitoke upande gani. Fomu ilisema, mimi niliyetia saini hapa chini nathibitisha kwamba nimepewa msaada wa masomo kwa jumla ya saa kumi na moja, nimeelewa, na sihitaji msaada zaidi. Nimeelewa. Ameelewa nini sasa, ameelewa kwamba peremende ile ni ya mnanaa na kwamba chini ya mnanaa kuna harufu nyingine ambayo mnanaa umeshindwa kuifunika, ameelewa kwamba nyuma ya kompyuta hii ukutani kuna karatasi imeandikwa elimu haina mwisho na mtu amebandika chingamu juu ya neno mwisho, saa kumi na moja anaitazama chingamu ile, imekuwa ya kijivu, ina alama ya kidole... Dada, saini twende, mshonaji akasema nyuma yake, mshonaji wa nguo za watoto aliyejiandikisha naye siku moja, miguu inaniuma mwenzio, unaisoma hivyo kwani ni barua ya posa, na foleni ikacheka, na yeye akajikuta anacheka pia, kile kicheko chake cha puani, akakichukia kabla hakijaisha.

Kwa sababu hata siku ya kwanza alicheka. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti hiki hiki mbele ya kompyuta hii hii, mikono ameiosha mara mbili kama anayekwenda kupokea mtoto mchanga, chumba cha msaada wa masomo, hivyo ndivyo mlango ulivyoandikwa, kwa watu wazima wanaojifunza kazi za ofisi, akaweka mkono kwenye mausi, na mausi ilikuwa inanata, akaigeuza akaona chini yake utando mweusi kama masizi ya sufuria, na mfagiaji ni mfagiaji, miaka tisa anafuta meza za jengo la ghorofa nne, mkono ukamtangulia, akatoa kitambaa mkobani, mwalimu akamwambia, mama, umekuja kusoma au kufagia, wakacheka wote, naye akacheka, akakirudisha kitambaa. Angeifuta tu. Sasa miezi miwili imepita na utando ule uko palepale, umeongezeka, mikono ya watu kumi na wanne imeulisha. Kisha mwalimu akasema, sogea kidogo. Si kwa ubaya, hapana, kwa upole kabisa, sogea kidogo nikuonyeshe, akakaa nusu ya kiti na goti lake likagusa la mama, akauweka mkono wake wenye jasho juu ya mkono wa mama kwenye mausi, mausi ikaenda, mkono wake ukaenda nayo kama mzigo juu ya toroli, kisha hata huo mkono ukawa unamzuia mwalimu, yeye akautoa, akaulaza mapajani, na barua ikaandikika yenyewe mbele ya macho yake, tarehe, anwani, yahusu, mwaliko wa kikao cha robo mwaka, umeona, nimeona, umeelewa, ndiyo mwalimu, ahsante mwalimu. Dakika nane. Wa pili aje. Sogea Kidogo, hilo ndilo jina walilompa wanafunzi akishatoka nje, na wapo wanaosema ana roho nzuri, hana makuu, hamfokei mtu, kituo chake hakijawahi kufelisha hata mmoja, na kweli, utamfelishaje mtu ambaye umemfanyia wewe. Ahsante mwalimu. Mara kumi na moja amesema ahsante, ulimi wenyewe, huu huu ulio mdomoni, angeweza angeutema kwenye lile pipa la karatasi lililojaa maganda ya peremende.

Mama, wakaguzi wanakuja kesho, Sogea Kidogo akasema, nataka faili zote zifungwe kabla ya mchana. Hakuna ubishi, anajua, atie tu saini, herufi chache, amezoea kuitia kwenye daftari la mahudhurio kila alfajiri, na Ijumaa cheti kitoke, Jumatatu akiweke mbele ya katibu muhtasi wa jengo analofagia, yule mama asiyecheka ovyo aliyemsimamisha ngazini ndoo mkononi akamwambia, wewe unajua kila faili la jengo hili linakaa wapi kuliko makarani wangu, leta cheti kabla ya mwezi kwisha, dawati la masjala ni lako, ukichelewa nampa mwingine, sitakudanganya. Dawati la masjala. Pale barua zinapoingia zinagongwa mhuri, zinaandikwa kwenye kompyuta, zinatumwa ghorofani, saa mbili mpaka saa saba mchana, basi, dirisha linafungwa. Saa saba. Hiyo saa saba ameibeba kichwani kama yai. Kwa sababu saa saba na nusu ndipo zamu ya mchana inapoanza shuleni, na akiwa nyumbani saa saba na robo yeye ndiye atakayemgeuza mama mkwe kitandani, atamlisha, atambadilisha, na binti atachukua daftari zake aende, binti aliyeacha masomo mwaka wa pili wa sekondari siku bibi yake alipopigwa na kiharusi, hakuna aliyemwambia aache, alivua sare tu akaikunja akasema, wewe nenda kasome mama, nafasi ya watu wazima haiji mara mbili, mimi bado mdogo, nitarudi. Nitarudi. Ana miaka kumi na sita, mikono yake imeanza kupasuka kwa sabuni ya kufulia mashuka ya mgonjwa. Saini basi. Nani amewahi kufa kwa saini. Kalamu ikashuka kidogo, ikapanda. Na Jumatatu ya pili, je, katibu muhtasi akimwekea karatasi mbele akasema, andika hii, mgeni anasubiri, atamwambia nini, nani atamwambia sogea kidogo, katibu muhtasi atatazama mikono iliyolala mapajani, na siku hiyohiyo atarudishiwa ndoo yake, na dawatini ataketishwa mwingine, na cheti atakuwa nacho, kizuri, kina mhuri...

Mwalimu, yangu naiona hapo, nipe nikaionyeshe nyumbani, mshonaji akasema, akanyoosha mkono juu ya bega lake, na kikwapa chake kikampita usoni, akavuta kutoka kwenye rundo karatasi iliyosahihishwa kwa wino mwekundu, ona dada, themanini na mbili, mimi, na darasa la saba nililimaliza kwa kuvutwa sikio. Akamshikisha aone. Themanini na mbili. Hongera, juhudi inaonekana. Yeye naye alipata themanini na mbili, hongera, juhudi inaonekana, na macho yakashuka, mwaliko wa kikao cha robo mwaka, ukumbi mdogo, saa nne asubuhi, neno kwa neno, mpaka nafasi ile moja iliyozidi kabla ya nukta, mpaka chini kabisa, wako mtiifu, na baada ya wako mtiifu, kwenye mabano, andika jina lako hapa. Hivyo. Andika jina lako hapa, na pembeni yake alama ya vyema, nyekundu, imepigwa kwa madaha. Mshonaji hajaona, anatazama namba. Akachungulia rundo, la dereva, andika jina lako hapa, vyema, la mstaafu wa kiwandani, andika jina lako hapa, vyema, watu kumi na wanne waliokuja kujifunza kuandika barua wameandika barua moja na hakuna aliyeiandika, na aliyeisahihisha hakuisoma, na kesho mkaguzi atayahesabu majalada atakunywa chai yake ataondoka. Akamrudishia mshonaji karatasi yake, na hapo ikamjia yake, barua yake mwenyewe, wiki tatu zilizopita, alivyoingia nayo nyumbani ameishika kwa vidole viwili isikunjike, alivyosema, mwanangu, njoo uone mama yako, themanini na mbili, na yeye pia, kama mshonaji, alikuwa ametazama namba tu.

Binti aliisoma. Alikuwa ameahidi kuibandika ukutani, gundi alikuwa ameshaitoa, akaisoma amesimama karibu na dirisha, akafika chini, akarudi juu, akafika chini tena, na yeye mama alidhani ni furaha, alidhani mtoto ameshindwa kuamini. Nzuri, mama. Ndicho alichosema, nzuri mama, akaikunja mara mbili akaitia kwenye daftari lake la zamani, gundi akairudisha mahali pake, na leo umeandika nini kingine, nimeandika barua ya kuomba likizo, alimjibu hivyo, uongo mweupe pee, na binti akasema, vizuri. Kesho yake ndipo lilipokuja boksi. Kifuniko cha boksi la viatu, amechora juu yake kibodi nzima kwa kalamu ya wino, safu kwa safu, amekwenda kuinakili kwenye duka la kutoa fotokopi amesimama dirishani mpaka mwenye duka akamuuliza anataka nini, mama tucheze ofisi, nachoka kukaa na bibi tu, alisema ni yeye aliyechoka, yeye anayetaka mchezo. Na yeye mama akaona ni utoto, masikini, mtoto kakosa wenzake, akakubali kwa huruma. Kwa huruma. Jioni zote zile, A iko wapi, kidole kidogo cha kushoto, usitazame mama, kidole kidogo kina kazi yake usikilaze, huku anamkanda bibi yake miguu na kumsomea mama sentensi kutoka kitabu cha kidato cha kwanza, na vidole vikigonga karatasi, tup, tup, na mama mkwe kutoka kitandani, mdomo umekwenda upande, akisema taratibu, mnapiga kinanda gani nyie hakitoi sauti, wakacheka watatu mpaka kikohozi kikamshika bibi. Alijua. Mtoto alijua tangu pale dirishani alipoisoma barua. Alijua kwamba mama yake hajaigusa hata herufi moja na kwamba anakuja nyumbani kumdanganya, mtoto aliyeivua sare yake akaikunja kwa ajili hiyo, na hakumwambia neno, hakumtazama vibaya, akachukua kifuniko cha boksi. Hapo ndipo kinyaa kilipoacha peremende, kikaacha ukucha, kikaacha hata utando wa mausi, kikamgeukia yeye kikamtazama, saa kumi na moja umekaa na mikono mapajani, mama mtu mzima, ukiogopa kuonekana hujui mbele ya kijana ambaye hata hakutazami, na aliyekufundisha ni nani, na ulimshukuru lini.

Mama, kalamu hiyo wino unakauka, Sogea Kidogo akasema, akageuka kwa mara ya kwanza, akatabasamu, na kusema kweli hana macho mabaya, macho ya mtu aliyechoka aliyeambiwa apitishe watu kumi na wanne kwa awamu na akaona njia fupi, ingekuwa rahisi kama angekuwa na macho mabaya. Halafu akanyoosha ule ukucha akaugonga kwenye kisanduku kidogo chini ya mstari wa saini, hapo kwenye maoni ya mwanafunzi paache, mama, nitapajaza mwenyewe. Maoni ya mwanafunzi. Akazitazama fomu zilizokwisha kusainiwa, zimepangwa pembeni, dereva nimeridhika, mstaafu nimeridhika, mwandiko mmoja umelalia kushoto, nimeridhika, nimeridhika, ila yake bado nyeupe, mistari mitatu mitupu, haijaguswa na mtu. Mistari mitatu si mingi. Dada jamani, mshonaji akasema, akamgusa bega, wewe leo umepatwa na nini, nami nina nguo za watu, na yeye alikuwa anatafuta pa kuanzia, barua inaanza na unayemwandikia, basi, kwa mkuu wa kituo, hapana, nafasi haitoshi, aanze na jambo lenyewe, na jambo lenyewe si matusi, wala si kumchongea mtu kazi yake, jambo ni kwamba, naomba nikalishwe peke yangu kwenye kompyuta kwa saa moja. Leo. Iwe leo, si siku nyingine, leo kabla ya mchana, kabla hofu haijapata pa kukaa. Na kama hawezi, ikaonekana hawezi, vidole vikashtuka kukuta herufi zinazama chini vikizibonyeza, masjala ikaenda kwa mwingine na saa saba ikaenda nayo? Itakwenda. Atamwambia binti kwa mdomo wake, ameketi, anamtazama. Kile kinyaa kilikuwa kimeondoka, hakujua kimeondoka saa ngapi. Saini tu, mama, mwalimu akasema, kiti kikalia, ko, ko, foleni ikasukumana, kalamu sasa ilikuwa juu ya mistari ile mitatu kwenye uzi wake, na yeye kichwani alikuwa ameshafika sentensi ya tatu, nisaidiwe kwa kuachwa niandike, nikikosea nioneshwe nilipokosea, na alikuwa anaamua tu kama hapo iwekwe nukta au aendelee.