Pole Kabla ya Ajali

Karakana yetu hugonga watu wa plastiki kwa magari ya kweli, kisha tunapima vichwa vyao. Mimi ndiye ninayewavalisha, ninayewasimamisha mbele ya gari, na ninayewaokota. Tunao wawili, Mrefu na Mfupi, na tunawaita wagonjwa. Hakuna aliyetuamuru, lakini gari halivutwi mpaka mgonjwa apewe pole. Mkuu wetu aliwahi kupiga marufuku upuuzi huo. Siku hiyo hiyo kamba ya kuvutia gari ikakatika, na tangu hapo yeye ndiye anayetoa pole kwa sauti kuliko wote.

Jumapili moja dada yangu alinijia uso umemshuka. Mumewe alikuwa amependa gari jipya: refu, pua kama ukuta, na ngao ya chuma mbele. Angelichukua Ijumaa. Na kila jioni dada ndiye humfungulia geti, naye shemeji huingia kabla geti halijafika mwisho.

"Nimemwambia kutoka kule juu hataniona," alisema dada. "Kanijibu nivae viatu virefu."

"Nimwambie nini mimi? Tukibishana hushinda yeye."

"Usiseme kitu. Mwalike tu kazini kwako. Na mfuko huu wa nguo zangu kuukuu wape wagonjwa wako."

Shemeji alifika Alhamisi, shati limenyooka, mikono nyuma kama mkaguzi.

Tulianza na Mrefu na gari dogo. "Pole, mzee," alisema mkuu, na gari likavutwa. Bampa lilimfagia miguu, akalala juu ya boneti, akabiringika, kichwa kikagonga kioo cha mbele. Kioo kikapasuka kama utando wa buibui.

"Si mnaona!" Shemeji alipiga makofi. "Kumbe baya ni gari dogo! Langu lingemsukuma tu, kistaarabu."

"Kuumia ameumia," nilisema. "Ila boneti imebonyea na kioo kimebonyea. Vimempokea kidogo."

"Wewe shemeji, hata ajali unaitetea."

Tukaleta gari refu, linalofanana na lile alilolipenda. Mrefu akapewa pole yake. Safari hii hakubiringika. Pua ilimpiga kifuani, akarushwa mbele, na kisogo chake kikaipiga sakafu.

Shemeji alikohoa. "Huyu mzembe. Mimi ningeruka."

Mkuu alinigeukia. "Mwambie Mrefu kesho aruke. Labda hakuna aliyewahi kumwambia."

Kisha nikamleta Mfupi. Nilikuwa nimemvalisha asubuhi, gauni lililokuwa juu kabisa kwenye mfuko wa dada: la buluu, vifungo vyeupe, kimoja cheusi. Nilimsimamisha mbele ya ngao.

Shemeji alinyoosha kidole.

"Hilo gauni nimelinunua mimi," alisema. "Na kile kifungo cheusi ni cha shati langu."

Akavuka kizuizi. Taa nyekundu ikawaka, maana gari haliwezi kuvutwa mtu akiwa njiani. Mkuu akamwita, hakusikia. Aliweka kiganja kwenye paji la uso wa Mfupi, akakipeleka moja kwa moja hadi kwenye gari bila kukipandisha wala kukishusha. Kikatua juu ya ngao. Akarudia taratibu, kama fundi asiyeamini kipimo chake. Kikatua palepale.

"Mtoeni."

"Haiwezekani, shemeji. Ndiyo kazi."

"Basi mvueni gauni!"

Hakungoja. Alianza kufungua vifungo mwenyewe, uso kaugeuzia ukutani kwa haya. Na sisi, wanaume wazima na mkuu wetu, tukampa mgongo mtu wa plastiki. Hadi leo sijui tulikuwa tunamsitiri nani.

Mfupi akavaa fulana ya mkuu. Wakati wa pole ulipofika, Shemeji alimtangulia mkuu. "Pole, mama," alisema polepole, akatoka nje na gauni limekunjwa kwapani.

Kishindo kilipotulia alichungulia mlangoni.

"Kichwa?"

"Kichwa," nilisema. "Kabla ya kitu kingine chochote."

Hakubishana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu amuoe dada yangu.

Ijumaa jioni nilikuwa kwao. Honi ililia nje, ileile ya kigari chake cha zamani chenye kikohozi. Dada alipofika getini, Shemeji alikuwa ameshashuka.

"Rudi barazani!" alipaza sauti. "Nafungua mwenyewe."

"Jamani, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Rudi tu, simama nikuone."

Alifungua, akaingiza gari kama mtu anayebeba mayai, akarudi kufunga.

"Na lile refu?" dada aliuliza.

"Nimemwachia muuzaji. Kumbe lina pua mbaya."

Dada alinitazama. "Ulimwambia nini?"

"Sikusema kitu. Nilichukua tu gauni lililokuwa juu."

"Najua. Mfuko niliupanga mimi."

Shemeji alipanda ngazi ya baraza akiwa na gauni la buluu mkononi, akamkabidhi mkewe.

"Pole, mke wangu."

"Pole ya nini? Mbona sijaumia?"

"Ndiyo hiyo hiyo, ya kabla ya kuumia," akasema, akaketi kuvua viatu.