Herufi Zilizonipa Mgongo

Mkwe wangu anafundisha chekechea. Mimi nilikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, nikaacha kwa sababu macho yalistaafu kabla yangu. Shuleni nilifika darasa la sita. La saba nililiona kupitia dirisha. Nayasema haya mapema ili usije ukashangaa mbele ya safari ukisikia kwamba mtu mzima, na mvi zake kichwani, alikabidhiwa herufi ishirini na nne akaharibu kumi na nne.

Mjukuu wangu, binti wa huyo mkwe, tunamwita Vidole, maana hakuna kitu asichokigusa. Sukari anaijua kwa kidole. Rangi mbichi ya mlango anaijua kwa kidole. Kope zangu nikisinzia kitini anazifungua kwa kidole kuona kama bado nimo. Ana miaka sita, na mambo yote yanamwingia isipokuwa herufi. Mama yake alijaribu kila njia darasani. Walichora kwenye sinia la mchanga, wakafinyanga kwa udongo, wakapanga maharage juu ya mistari. Wenzake walitoka na herufi. Yeye alitoka na maharage mfukoni.

Sasa, shule ya msingi ya jirani ilikuwa inapokea watoto wa darasa la kwanza, na Mwalimu Mkuu wake huwasaili mwenyewe, mmoja mmoja. Asiyejua herufi anarudi chekechea mwaka mzima. Wenzake wa meza moja wote walikuwa wanakwenda, na Vidole alilijua hilo kuliko tulivyodhani. Siku moja alikaa miguuni pangu, akawa anahesabu vidole vyangu vya miguu, kisha akauliza bila kuinua kichwa:

"Bibi, wenzangu wakienda, mimi nitabaki na wale wanaojikojolea?"

"Hubaki," nikamwambia. Nilisema kama vile mimi ndiye Mwalimu Mkuu na mhuri uko kwenye pindo la khanga.

Wiki hiyo hiyo mkwe wangu akaitwa kwenye mafunzo ya walimu, majuma mawili, nje ya mji. Angerudi Jumatano, usaili Ijumaa. Kabla ya kuondoka alinijia na karatasi aliyoandika herufi zote kubwakubwa.

"Mama, nakuomba. Huyu anajifunza kwa kugusa. Nikatie herufi hizi kwa vitambaa tofauti, laini na vya kukwaruza, uzibandike kwenye kadibodi. Awe anazipapasa kila siku huku anazitaja."

"Mwanangu, nimekata suti za mabwana harusi wenye mabega yasiyolingana. Nitashindwa na A?"

"Najua hushindwi. Ila ukikwama popote, nipigie."

"Nikikwama," nikasema, tukacheka wote wawili. Mimi nilicheka zaidi.

Nikatoa mfuko wangu wa vipande. Mahameli ya koti la mtu aliyefariki kabla ya kulichukua, jinzi, gunia, satini, flana. Nikachukua chaki ya fundi na mkasi wangu, ambao hakuna anayeruhusiwa kukatia karatasi. Hapa ndipo ustadi wangu uliponiponza, kwa hiyo nisikilize vizuri. Fundi anayejiheshimu hachori chaki kwenye uso wa nguo. Anageuza kitambaa, anachora upande wa mgongo, anakata, kisha anarudisha uso juu. Mkono wangu umefanya hivyo miaka arobaini. Haungojei tena kuulizwa. Nikachora kwa makini, nikifuata karatasi ya mwalimu nukta kwa nukta, mgongoni. Nikakata. Nikageuza uso juu. Nikabandika kwa gundi ya unga.

A ikatoka nzuri, ya gunia. Mwanangu akaipiga picha, akamtumia mkewe. Jibu likarudi: "Mama, hongera, ni A ya dukani kabisa." Kichwa kikanivimba, mtandio ukanibana. Kumbe A ni herufi mnafiki. Ukiigeuza huku au kule sura ni ileile. Ndivyo na M, na O, na T na nyinginezo; kumi kwa jumla, zote zimeniangalia zimenyamaza.

Nilipobandika B ya mahameli, niliona. Sitaki kusema uongo uzeeni, hapa kwenye karatasi. Niliona kwamba matumbo yake mawili yameelekea kushoto, na moyoni nikasema, hii B mbona kama inaondoka? Simu ilikuwa pale juu ya kabati. Lakini kumpigia mkwe wiki ya kwanza kumuuliza B inatazama wapi, baada ya suti za mabwana harusi? Nikajiambia kwamba mitindo hubadilika. Kola zilibadilika, suruali zilibadilika, labda na B za siku hizi zinakatwa hivyo. Nikaendelea mpaka Z.

Na masomo yakaanza. Nisijisifu, lakini yalikuwa matamu. Tulizianika herufi kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, Vidole akawa anazianua moja moja kwa jina. Tulizificha ndani ya foronya, anatia mkono bila kuchungulia, anapapasa, anatamka. "Inakwaruza, ina miguu miwili. A." "Laini, ina matumbo. B." Tulipanga vifungo juu ya S, kuanzia mkubwa wa koti hadi mdogo wa shati la mtoto mchanga. Siku ya L tukakubaliana tuifanye kwa mwili. Nikalala sakafuni chali, miguu nimeikunja upande, na mwanangu akaingia kutoka kazini akakuta mamaye chini.

"Mama, umeanguka?"

"Sijaanguka. Mimi ni L."

Akatutazama, akaweka mfuko mezani. "Basi L ikiweza kuinuka, kuna samaki wa kukaanga."

L haikuweza kuinuka. Walinivuta wawili.

Siku ya tatu Vidole alileta daftari lake la chekechea. Akaliweka kando ya kadibodi ya B, akaangalia huku, akaangalia kule.

"Bibi, B yako inatazama huku. Ya daftari inatazama kule."

Ningeweza kumaliza kisa hiki pale pale. Badala yake nikavaa miwani, nikaivua, nikasema, "Ya daftari imechoka kukaa, imegeuka. Fuata ya mahameli." Na yeye akaifuata. Alinyosha kidole akaipitia B yangu kutoka juu hadi chini, na tangu siku hiyo hakuuliza tena. Mwisho wa juma la pili alizijua zote ishirini na nne akiwa amefumba macho. Nilikuwa natembea uani nimevimba kama andazi.

Jumatano mkwe akarudi. Hata mkoba hakuushusha. Vidole alimvuta mpaka ukutani, nilikokuwa nimezipanga kadibodi zote mistari mitatu, akazitaja moja baada ya moja bila kukosea. Mama yake akawa anatabasamu. Tabasamu likafika B, likapunguza mwendo. Likafika E, likasimama.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Hii B imekatwa na nani?"

"Na mkasi."

"Mama, mkasi wa nani?"

Nikaeleza habari ya chaki na mgongo wa kitambaa. Nilianza kama mtaalamu nikamaliza kama mshtakiwa. Akamwita Vidole, akampa penseli amwandikie B, D, S. Mtoto akaandika haraka, kwa mkono usiotetemeka, zote zimetazama ukutani. Siku mbili kabla ya usaili.

"Labda mtoto mwenyewe hakugundua," mkwe akasema taratibu, kama anayenitafutia mlango wa kutokea.

Huo mlango ulikuwa wazi kabisa, na mimi mguu wangu mmoja ulishafika kizingitini. Kisha nikamwona Vidole anasubiri nitasema nini.

"Aligundua," nikasema. "Siku ya tatu. Aliniambia. Nikamjibu kwamba ya daftari ndiyo iliyochoka."

Mkwe wangu akakaa kitini, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika. Sikujua analia au anacheka, na sikuthubutu kuuliza.

Vitambaa vya kukata upya havikuwepo. Nilishavimaliza kwa mbwembwe. Alhamisi asubuhi nikajaza beseni maji ya vuguvugu. Mimi na Vidole tukatumbukiza kadibodi kumi na nne, gundi ikalegea, tukaanza kubandua. Kabla ya kubandua ya kwanza nilimwambia:

"Mke mwenzangu, ile B uliyoniambia. Ulikuwa sahihi wewe."

"Najua."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Wewe ni bibi," akasema, kama anayenieleza kwamba maji ni maji.

Nikainamisha kichwa kwenye beseni, nikashughulika na gundi kwa muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji.

Kila herufi nilimpa aigeuze mwenyewe. Uso chini, mgongo juu, juu ya boksi kavu. Kisha aipitie kwa kidole mara tano. Jinzi ikapauka, satini ikapoteza mng'aro, na mahameli yakabaki utupu. "B imekuwa kipara," akalalamika. Nikamwambia kipara hakimzuii mtu kutazama anakotakiwa. Tulirudia mpaka jioni: vifungo, foronya, kamba. Mkono wake ulianzia kwenye desturi ya zamani, ukasita, ukageuka. Na wangu nao, maana nilikuwa nachora naye hewani, ulianzia kwenye ya zamani na wala haukusita.

Ijumaa mkwe alikuwa na watoto wake darasani. "Aliyekata apeleke," akasema, akanifungia mtoto viatu.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa na meza moja, viti vitatu na kabati lisilofunga vizuri. Mwenyewe ni mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, ambaye haongezi neno. Akampa Vidole karatasi na kalamu ya wino. Nikakaa nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili.

"Andika A." Akaandika. "M." Akaandika. Nikawashukuru wanafiki wale.

"Andika J."

Kalamu ikagusa karatasi ikaelekea vibaya. Vidole akaisimamisha. Akafumba macho, akapitisha kidole juu ya mbao ya meza, polepole, akafumbua, akaandika J sawasawa. D nayo hivyo hivyo, kwa muda mrefu. S ilitoka kinyume, na hakuiona.

Mwalimu Mkuu akaiangalia ile S. Kisha akaniangalia mimi.

"Ni mtoto msikivu. Lakini anasitasita sana, bibi. Naona akae mwaka mmoja zaidi akomae. Hakuna haraka."

Vidole hakulia. Aliweka mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia. Sijawahi kumwona ameikalia mikono yake.

Mwalimu Mkuu akanisogezea fomu. "Nijazie hapa chini tu, kwa kumbukumbu. Aliyemleta mtoto ana uhusiano gani naye."

Nikachukua kalamu. Neno lenyewe herufi nne, nimeitwa hivyo kila siku kwa miaka sita. Nikaandika kwa utulivu wa mtu aliyeshindwa, nikamsogezea. Akatazama. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesoma bango lililoanguka.

Vidole akashuka kitini, akasimama kwa ncha za viatu, akachungulia.

"Bibi," akaninong'oneza, ili mwenye ofisi asisikie aibu yangu, "B zako zimekupa mgongo. Zote mbili. Geuza."

Nami nikabaki naziangalia. Nilikuwa nimeandika BIBI, na B zote mbili zilikuwa zinaondoka.

"Hebu nipe," akasema. Akaninyang'anya kalamu taratibu, akaandika chini ya langu: BIBI, B mbili zilizotazama zinakotakiwa. Hakufumba macho wala hakusita. Halafu, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi tayari, akatupia jicho karatasi yake mwenyewe pale mezani, akaivuta, akaikata ile S na kuandika nyingine pembeni, nzima. "Na hii nayo," akasema.

Mwalimu Mkuu akavua miwani.

"Nani alikufundisha kuandika?"

Vidole akaninyoshea kidole.

"Na nani alikufundisha kugeuza?"

Akaninyoshea kile kile.

"Bibi," Mwalimu Mkuu akaniambia, "nieleze."

Nikaeleza yote: chaki, mgongo wa kitambaa, mahameli, simu iliyokuwa juu ya kabati, na daftari lililochoka. Alisikiliza mpaka mwisho ameshika kidevu, midomo ameikaza. Mara mbili aliangalia dirishani, na mara ya pili alitoa leso. Nilipomaliza alichukua fomu, akaifikiria kidogo, akaipiga mhuri.

"Jumatatu saa mbili, na sare," akamwambia Vidole. "Mtoto anayeona kosa la mkubwa wake na kulirekebisha kwa adabu, nitamweka wapi tena?" Kisha akanigeukia. "Sare mtashona wenyewe?"

"Ataishona mwingine," nikasema.

Tukatoka. Vidole alikuwa anapitisha mkono kwenye ukuta wa shule, tofali kwa tofali, mpaka getini. Hapo akanishika mkono.

"Bibi, wewe hukufaulu."

"Sikufaulu."

"Basi wewe ndiye utabaki na wale wanaojikojolea."

"Kwa umri huu, mke mwenzangu," nikamwambia, "siko mbali nao."