Waya Mrefu

Waya ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka. Aliubeba begani ukiwa umezungushwa mizunguko mipana, mweusi, mnene kama kidole gumba, na kila alipopiga hatua plagi yake ilimgonga mbavuni kama mtu anayemkumbusha jambo. Mkono mwingine ulishika kiganja cha binti yake, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Mama, leo utaingia ndani?"

"Sina haja ya kuingia."

"Mama mdogo anasema karibu kila siku. Wewe tu huingii."

Mama mdogo. Neno lile lilimkwaruza kama mchanga katikati ya meno, lakini hakumkanya mtoto. Mtoto alikuwa ameambiwa aite hivyo, naye aliita.

Karavani ilisimama ukingoni mwa kambi ya wajenzi wa barabara, nyuma ya safu ya magreda yaliyolala na matope yao. Zamani ilikuwa nyeupe. Mapazia ya madirishani aliyashona yeye mwenyewe, kwa mkono, mwaka ule mtalaka wake alipopata kazi ya kuendesha greda wakaamua kuishi juu ya magurudumu na kuifuata barabara popote itakapokwenda. Sasa barabara ilikuwa imeendelea, naye alikuwa ameshuka njiani.

Asingekuja leo zaidi ya kumfikisha mtoto getini, kama si ile Jumapili iliyopita. Chiriku alirudi kwa mama yake kimya, na huo ukimya peke yake ulitosha kumtia hofu. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akatapika kizingitini, kisha akasema, "Jenereta ya baba inanguruma chini ya kitanda changu, Mama. Inanibembeleza." Mama mtu akampigia simu baba mtu. "Ni machungwa," baba mtu alisema. "Alikula kama mbuzi. Usianze mashtaka yako." Na kumzuia mtoto hakuweza: hakimu alishaamua kwamba mwisho wa wiki ni wa baba.

Mwanamke, mke mpya wa mtalaka wake, alitoka karavanini akijifuta mikono kwa kanga. Angekuwa mrembo wa kutisha, au mjinga, mambo yangekuwa mepesi. Alikuwa mtu wa kawaida tu, mwenye uso wa uchovu na macho yasiyojificha.

"Karibu, dada."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuiona jenereta."

"Baba Chiriku yuko kazini, labda umsu—"

"Sikumuulizia yeye."

Jenereta ilikuwa chini ya turubai, imebanwa ukutani kama mgonjwa aliyeegemezwa, imefungwa kwa mnyororo kwenye kulabu ya kuvutia karavani. Bomba lake la moshi lilitazama juu, moja kwa moja, kwenye kidirisha cha kitanda cha mtoto. Kutoka kwenye mashine hadi ukutani ulivutwa waya mwembamba, wa kuwashia taa ya mezani, umekazika kama kamba ya kuanikia nguo.

"Kwa nini inakaa hapa?"

"Waya haufiki mbali. Na mvua hizi, ameamua kuikinga." Mwanamke akacheka kidogo, kicheko cha kutafuta urafiki. "Zamani ulikuwepo waya mrefu, anasema uliibwa. Tena anasema mwizi anamjua."

Ndipo macho yake yalipotua begani kwa mgeni. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Huo ulikuwa chini ya kitanda chetu, kule nyumbani!" alisema Chiriku kwa furaha.

Greda moja lilikohoa mbali, likazimika.

Siku ya kugawana vitu alimwachia mumewe yote: kitanda, friji, sufuria, hata mapazia. Alichukua waya tu. Aliununua mwenyewe, alipokuwa akisoma umeme katika masomo ya jioni, baada ya mwalimu kuwaonyesha jinsi waya mwembamba unavyoyeyuka ndani kwa ndani bila kelele. Mumewe alimcheka: fundi wa daftari, alimwita. Basi siku ile aliuzungusha waya taratibu mbele ya macho yake, akaondoka nao. Atajijua. Usiku wa kwanza alilala usingizi mtamu akimwona kichwani, gizani, akipapasa kuta. Hakuwaza kabisa kwamba mtu aliyekosa waya mrefu huisogeza mashine karibu.

"Zima kila kitu ndani," alisema. "Kila kitu. Halafu uje unishikie hapa."

Mwanamke alitii. Aliporudi aliegemea ukuta, kiganja kwenye paji la uso, akavuta pumzi ndefu.

"Samahani, dada. Ndivyo ninavyokuwa siku hizi. Kichwa, kichefuchefu, miguu haina nguvu." Akashusha sauti, na uso ule wa uchovu ukawaka kwa ndani. "Tunatarajia."

"Nitapata mdogo wangu!" alidakia Chiriku. "Baba ameshanunua kofia yake. Ya manjano!"

Kwake mwanamume yule hakununua kofia hata baada ya mtoto kuzaliwa. Alijitia hamnazo, akaanza kufungua mnyororo. Lakini mikono ilimsimama.

"Ulianza lini kujisikia hivyo?"

"Tangu mvua zianze."

"Na ukitoka hapa? Ukienda kwenu?"

"Ajabu sasa! Kwa mama yangu napona kabisa, nakula hadi naona aibu. Mama ananitania, eti mimba hii haipendi kwa mume."

"Umepimwa?"

"Bado. Baba Chiriku anataka tusubiri, tumbo lijitangaze lenyewe. Anasema ndiyo raha yake."

Alimtazama. Alikuja na maneno makali aliyoyanoa njia nzima, kumbe hakuyahitaji. Silaha kubwa zaidi ilikuwa imewekwa mkononi mwake na mwanamke mwenyewe. Angeweza kuisema akicheka. *Unalea moshi, bibie.* Sentensi ilikuwa tayari ulimini, tamu. Kisha akaiona njia ilikotoka: moshi ulitoka kwenye bomba, bomba lilisogezwa na waya mfupi, na waya mfupi ulibaki hapa kwa sababu ya ule uliokuwa begani mwake. Akaimeza. Ilishuka ikikwaruza.

"Chiriku, nenda ukaniokotee mbao mbili kule. Zile pana." Akangoja mtoto asogee. "Sikiliza. Moshi wa hii mashine una hewa usiyoiona wala kuinusa. Inaingia dirishani, inaingia kwenye damu. Kichwa kinauma, unatapika, miguu inalegea. Ukitoka kwenye hewa safi unapona. Ikizidi, unalala huamki. Mwanangu ametapika kwangu Jumapili."

Mwanamke alikuwa ameweka mkono tumboni. Hakuuondoa.

"Kwa hiyo sina…"

"Sijui. Labda unayo. Labda ni moshi. Labda vyote viwili, na hapo ndipo pabaya zaidi. Nenda hospitali leo, waambie na habari za jenereta."

"Unasema hivyo kwa kuwa unanichukia."

"Nakuchukia," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kiasi cha kumshangaza mwenyewe. "Lakini binti yangu analala humo."

Waliivuta pamoja bila kutazamana, hadi mahali pa wazi, mbali kabisa na karavani, wakaiketisha juu ya mbao. Aliigeuza mpaka bomba likaelekea upepo unakokwenda. Akaifunga mnyororo kwenye nguzo ya chuma ya uzio. Kisha akautua waya begani, akaunyosha wote.

"Usiuache umezongwa, unapata moto. Usipite kwenye dimbwi. Sasa washa. Usichomeke chochote, ngoja kwanza itulie. Umesikia? Hapo imetulia. Sasa chomeka. Friji peke yake. Ikizoea, ndiyo feni. Birika la mwisho, na likiwa linachemka, vingine vipumzike."

"Na petroli?"

"Zima, iache ipoe kabisa, ndipo ujaze. Hata kama yeye anapiga kelele mpira umeanza."

"Mvua je?"

"Mvua ikinyesha, kaeni gizani."

Mwanamke alirudia yote kwa sauti ya chini, bila kukosea. Hilo nalo liliuma. Kila neno alilolipokea lilikuwa limetoka mahali, na mahali pale palibaki patupu. Hawatakuwa na sababu nyingine ya kumwita.

"Mumeo akirudi akaisogeza?" aliuliza hatimaye. "Atasema wezi. Atasema mimi ni mwenda wazimu."

Mwanamke alitazama kidirisha cha mtoto muda mrefu. "Nitazima," alisema. Lakini hakusema kwa nguvu.

Alimbusu Chiriku utosini, akanusa nywele zake, akaondoka. Kiza kilikuwa kinaanza kushika magurudumu ya magreda. Alipofika getini alisimama, akasikiliza. Jenereta ilishusha pumzi, ikajikaza: friji. Baada ya muda ikashusha tena, kidogo tu: feni. Akangoja birika. Birika halikuja. Aliwaza kwamba mtu ameketi ndani mle, hanywi chai, mkono tumboni, akijiuliza kama humo kuna mtu. Bega lake lilikuwa jepesi, na liliuma pale waya ulipolala.

Pikipiki ikampita getini, taa ikamfagia usoni. Dereva hakupunguza mwendo. Aliujua mgongo ule hata ndani ya koti la mvua. Ikaingia kambini, ikakata kona nyuma ya magreda, ikazimwa.

Akasikia sauti ya mwanamume, imepanda. Akasikia ya mwanamke, chini, ndefu, isiyokatika. Kisha jenereta ikanyamaza, na karavani yote ikawa nyeusi.

Hakurudi, wala hakuondoka. Alishika chuma baridi cha geti kwa mikono miwili, akasubiri kusikia itawaka tena kutokea wapi.