Makaa ya Ukuta wa Mashariki

Katika soko lile dogo, aliyetaka kujua bei ya makaa ya kahawia alianza kwa Bi Mizani. Makaa hayo si kama yale meusi ya mawe. Yakitoka shimoni huwa na maji mengi, na mfanyabiashara mzembe hununua maji kwa bei ya moto. Bi Mizani alivunja bonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalinusa, ndipo akataja bei. Waliobishana naye walirudi kesho yake wakiwa wapole.

Mdogo wake, waliyemwita Kijiti kwa wembamba wake, alikuwa mchimbaji kwenye machimbo yaliyolisha soko hilo. Msimu wa baridi ulipoanza, mvua ikiwa imeilowesha ardhi mpaka ndani, ukuta wa mashariki wa machimbo uliporomoka watu wakiwa kazini. Wenzake walikimbia. Kijiti hakutoka. Walimtafuta mpaka msimamizi akasema udongo bado unateleza, hataki kuzika wengine. Machimbo yakafungwa, na msiba ukakaliwa bila maiti.

Bei ikapanda. Ndivyo soko lilivyo: bidhaa ikiadimika, hakuna anayeuliza imeadimishwa na nini. Bi Mizani alikuwa na lundo kubwa uani, alilolinunua kiangazi makaa yalipokuwa hayana mnunuzi. Alitoka msibani, akafungua geti, akakuta watu wanamngoja. Akataja bei ya zamani. Mchoma matofali akaongeza ili apewe yeye kwanza, dobi mwenye boila ya kuchemshia maji akaongeza juu yake, na kufikia mwisho wa wiki bei ilikuwa maradufu. Hakuipandisha yeye, lakini hakuikataa.

Wifi yake, mke wa Kijiti, alianza kuja kila asubuhi. Alivuta kigoda karibu na lundo, akakaa, asiombe kitu.

"Wifi, hapo pana vumbi. Njoo ndani."

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Anakohoa."

Bi Mizani akamweleza taratibu kwamba makaa haya yakikauka hupasuka, na yakipasuka hulia. Wifi akatikisa kichwa.

"Nimelala na kikohozi chake tangu nilipoolewa. Siwezi kukifananisha na kitu kingine."

Siku chache baadaye Bi Mizani alikuwa akimpimia dobi. Nyuma yake mtu akakohoa, kikohozi kifupi, kisha akasafisha koo kama alivyokuwa akifanya Kijiti kila alipotaka kuomba jambo na kuona haya. Akageuka. Palikuwa na lundo tu, na wifi yake kigodani akimtazama.

"Umekohoa?" akamuuliza dobi.

"Mimi? Hata."

Akaendelea kupima bila kuitazama mizani, na dobi akaondoka na makaa zaidi ya aliyolipia.

Kisha lundo likaanza kufuka. Hilo nalo linajulikana: makaa ya kahawia yakirundikwa muda mrefu hupata joto kwa ndani, yakawaka yenyewe. Lakini moshi huu ulitoka, ukakata, ukatoka tena, kama pumzi ya mtu aliyelala. Mzee Punguzo, mshindani wake wa ng'ambo ya barabara, alipita akachungulia getini.

"Mama, lundo lako limeanza kuvuta sigara."

Watu wakacheka. Bi Mizani akachukua koleo, wifi akachukua la pili, wakalifumua lundo asubuhi nzima huku macho yakiwatoka machozi. Wifi alilitazama kila bonge kabla ya kulitupa pembeni. Katikati walikuta joto na majivu, basi.

"Hayupo," wifi akasema.

"Angekuwemo vipi? Haya niliyanunua kiangazi. Alikuwa hai, alinisaidia kuyapakua."

"Basi yuko kulekule, na huku anatuita."

Bi Mizani akachota maji, akayamwagia majivu.

Baridi ilipoanza kulegea, malori yakaleta makaa kutoka machimbo ya mbali, na bei ikaanza kuporomoka. Yale machimbo ya karibu nayo yakafunguliwa, ila kwa upande wa magharibi tu. Dereva wa lori ndiye aliyeleta habari.

"Ule wa mashariki wanaufukia. Wanamwaga udongo juu yake, yaishe."

"Na makaa yaliyomo?"

"Kuutoa ule udongo ni gharama, mama. Kwa bei ya leo haulipi."

Bi Mizani akakaa juu ya gunia. Bei ya soko alikuwa akiitaja yeye kila asubuhi kama mtu anayetaja saa. Sasa bei hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimfukia mdogo wake mara ya pili.

Kesho yake alivaa viatu vya mvua, akaenda na wifi yake kwa msimamizi.

"Ukuta wa mashariki ungeuchimba kwa bei gani ya makaa?"

Msimamizi akataja ile ya kilele cha baridi, kwa namna ya kumkatisha tamaa.

"Nayanunua yote kwa bei hiyo. Ila penye udongo ulioanguka mchimbe kwa mkono, na sisi tuwepo."

"Mama, subiri kidogo tu utayapata nusu ya hapo."

"Najua. Nafanya biashara hii tangu wewe hujaota ndevu."

Habari ikafika sokoni kabla yake. Mzee Punguzo akavuka barabara, safari hii bila utani.

"Nunua chini, uza juu. Hata mtoto analijua hilo. Umepatwa na nini, mwenzangu?"

"Hizi hela nilizipata kwake," akasema Bi Mizani. "Zinarudi kwake."

Wakachimba. Bei ikashuka tena na tena, na malori ya ukuta wa mashariki yakaendelea kumwaga makaa ghali uani kwake. Mawifi wawili walisimama ukingoni mwa shimo mchana kutwa. Siku moja, manyunyu yakianguka, mchimbaji mmoja akainua mkono na wengine wote wakaacha kazi.

Kijiti alikuwa amekaa, mgongo kwenye ukuta, magoti yamekunjwa. Maji ya makaa yalikuwa yamempaka kahawia mwili mzima, hata kope. Uso haukuharibika. Wifi akashuka bila kushikwa mkono, akachuchumaa mbele yake, akamfuta mdomo kwa ncha ya kitambaa chake.

"Umetuchosha wewe," akamwambia polepole.

Walimzika kando ya baba yake. Bi Mizani alirudi nyumbani akalala, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hakuota chochote.

Makaa yale yalibaki. Hata bei ilipokuwa ya kutupa, hakuna aliyeyataka. Dobi alisema nguo za watu zitanuka. Mzee Punguzo alisema yeye angeyachukua, ila mkewe ameapa kuhama nyumba. Wifi, ambaye sasa alifanya kazi hapohapo uani, alipita mbali na lundo hilo kila alipokwenda kuchota maji.

Kisha baridi ikarudi, bei ikapanda, na woga wa watu ukaisha. Mchoma matofali ndiye aliyetangulia, akafuatiwa na wengine wote. Bi Mizani aliwauzia kwa bei ileile aliyonunulia, bila kuongeza hata senti, na hakutaka kubishana na mtu. Tanuri la matofali likawashwa. Moshi wake haukupanda. Ulilala juu ya mabati ya soko, wa kahawia na mzito, ukapita taratibu toka duka hadi duka. Watu waliendelea kununua na kuuza ndani yake, wakisemezana kwa sauti ya chini. Wifi alifunga madirisha ya upande ule, na hakuyafungua mpaka lundo lilipokwisha.